Mraba wa buluu haukuambii mvua ilinyesha lini

Mzizi ulioniangusha ulikuwa mwembamba kuliko kifundo cha mkono wangu. Ilikuwa asubuhi, nikiendesha baiskeli ya milimani msituni baada ya usiku wa mvua, na mwendo wangu haukuzidi wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Mzizi umelala mshazari njiani, ganda limechubuka, unang'aa kama sabuni iliyoloa. Nilipouona nikafanya lile ninalowakataza wanafunzi wangu wa baiskeli kila siku: nikabana breki ya mbele. Gurudumu likateleza kuufuata mzizi, nikajikuta nimelalia bega na baiskeli iko juu yangu. Mwanafunzi aliyekuwa nyuma akasimama.

"Pole, mwalimu. Lakini si ulisema njia hii ni ya wastani?"

Ni ya wastani kweli. Alama hizi tunazozikuta njiani, duara la kijani (rahisi), mraba wa buluu (wastani, kama njia hii) na almasi nyeusi (ngumu), zilitoka kwenye viwanja vya kuteleza kwenye theluji. IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kilichoundwa mwaka 1988, kina mwongozo unaozipa vipimo. Mraba wa buluu ni njia yenye upana wa sentimita 60 au zaidi, mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 10, na vizuizi visivyokwepeka vya kimo kisichozidi sentimita 20. Hifadhi nyingine zina alama zao, ila wazo ni lilelile. Kwa ufupi, aliyepanga daraja alipita na futi kamba. Mvua ya jana hakuipima, na msituni mvua ya jana inaweza kukaa siku tatu chini ya majani.

Kabla hatujafika kwenye mizizi, kuna swali ambalo wengi hawajiulizi: unazunguka kwa upande gani? Ukianza na kumaliza mahali pamoja, jumla ya kupanda ni sawa na jumla ya kushuka, upende usipende. Kinachobadilika ni ukali. Chukua mzunguko wa kilomita 13 wenye mita 400 za kupanda: kilomita 8 za barabara ya magari ya doria, kisha kilomita 5 za njia nyembamba kati ya miti. Ukipanda kwa barabara, mwinuko ni asilimia 5. Unapumua, unapiga soga, unafika juu miguu bado ina kazi ya kufanya. Ukigeuza, mita zilezile 400 unazipanda ndani ya kilomita 5, asilimia 8, juu ya mizizi, gurudumu la nyuma likizunguka bure kila unaposimama kwenye pedali. Zawadi yake? Kuteremka barabara pana isiyo na kona ya maana. Mimi hupanda kwa barabara. Wapo wanaobisha, na huwa nawasubiri juu. Ila hifadhi ikiweka mshale, mshale ndio neno la mwisho: aliye upande usiofaa hukutana uso kwa uso na mtu anayeshuka kasi.

Kisha upepo wa tairi. Watu hujaza mpaka tairi inalia kama ngoma, kwa sababu ndivyo walivyozoea kwenye lami. Msituni tairi ngumu hurushwa na kila mzizi, wakati tairi iliyopunguzwa kidogo huukumbatia. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.3 lenye tyubu, naanzia PSI (kipimo cha msukumo wa upepo kinachosomwa kwenye geji) 27 mbele na 29 nyuma. Lisilo na tyubu, kama 22 na 25. Nyuma huzidi kidogo kwa kuwa ndiko uzito uliko. Ukipunguza mno, jiwe huibana tyubu kwenye ringi na kuacha matundu mawili yanayotazamana, kama alama za meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, usilaumu mwiba. Na tafadhali, kidole gumba si kipimo.

Haya, mzizi. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na breki hula katika mshiko huohuo. Kwenye udongo mkavu kinabaki cha kutosha. Juu ya mzizi uliolowa mshiko ni kidogo tangu mwanzo. Ukibana breki hapo, hakibaki chochote cha kulizuia gurudumu lisiende pembeni. Kwa hiyo kazi ya kupunguza mwendo imalizike kabla, kwenye udongo, na hapo breki ya mbele ndiyo rafiki yako mkubwa, kwa kuwa uzito husogea mbele unapopunguza mwendo. Ukifika kwenye mzizi, achia zote mbili. Uvuke moja kwa moja, usiufuate mshazari. Pedali ziwe kimo kimoja, makalio nje ya kiti, viwiko vimelegea, macho yako mbele ya mzizi na si juu yake.

Yule mwanafunzi alirudi nyuma kama mita 20, akabana, akaachia, akapita bila hata kuyumba. Mimi nilifaulu mara ya tatu, bega likiuma.

Miwani ya giza ivue kabla ya kuingia chini ya miti. Anayepanda mpishe, anayetembea kwa miguu mpishe zaidi. Kwenye dimbwi pita katikati. Kila anayelizunguka huongeza upana wa njia na kukanyaga miche pembeni.

Jambo moja linapuuzwa sana: tope unaloondoka nalo. New Zealand miti mikubwa iitwayo kauri, mingine yenye umri wa mamia ya miaka, inakufa kwa kimelea kiitwacho Phytophthora agathidicida, kinachoishi kwenye udongo na kushambulia mizizi. Tope kidogo kwenye kiatu au tairi linatosha kukihamisha, ndiyo maana huko kuna vituo vya kusugua viatu na kunyunyiza dawa kwenye milango ya njia. Mimi hubeba brashi ya viatu na chupa ya maji, na huanza kusugua kabla sijaondoka kwenye msitu niliomo. Tairi huisha haraka. Kinachonichelewesha ni tope lililojibana nyuma ya krenki (mikono inayoshika pedali) na katikati ya meno ya soli za viatu, ambalo halitoki mpaka ulichokoe kwa kijiti.