Rimu ya spoki si lazima iwe na tyubu

Anayetafuta seti ya pili ya magurudumu ya pikipiki ya safari ngumu huambiwa kwamba akichagua rimu za spoki, amechagua na tyubu. Si kweli. Imani hiyo ina chanzo: kwenye rimu za kawaida, spoki hupita katika matundu yaliyo katikati ya rimu, na hewa ingevujia hapo. Lakini mwaka 1987 pikipiki ya BMW R100GS ilikuja na spoki zilizofungwa kwenye kingo za rimu, nje ya sehemu inayoshika hewa. Rimu nyingine huzibwa matundu kwa utepe maalumu.

Faida ya kukosa tyubu huonekana njiani: pancha ya msumari huzibwa kwa kipande cha mpira bila kufungua gurudumu. Bado beba tyubu, maana jiwe likipinda ukingo wa rimu, hewa haitakaa.

Kwangu, linalostahili wasiwasi zaidi ni vipimo. Diski za breki, beringi na pete ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapokaza breki) vilingane na vya seti ya kwanza. Ukihama kutoka inchi 19 hadi 21 mbele, pikipiki huinuka, uendeshaji hubadilika, na ABS huenda ikasoma mwendo vibaya.