Kitabu Kuwa Bure Mtandaoni Si Ruhusa ya Kukitengenezea Programu ya Simu

"Shikamoo mama. Naomba uicheze kwanza, halafu ndiyo tuongee."

Kijana huyo alifika kwenye dawati letu la hakimiliki akiwa na simu mkononi na kazi ya miezi minne ndani yake. Nikaipokea, nikaicheza. Maandishi yalinieleza, kwa Kiswahili kilichonyooka kweli, kwamba monasteri yetu imeteketezwa, wenzangu wote wameuawa, na mimi niliyebaki lazima nifike mji mkuu nikamwonye mfalme. Mbele njia inagawanyika. Chini ya skrini kulikuwa na vitufe vitatu. Nikabonyeza cha kulia, nikaingia msituni.

Vitufe hivyo navijua; kijana alikuwa ametafsiri kitabu cha mchezo cha Kiingereza na kukigeuza programu ya simu. Katika kitabu hicho cha Joe Dever, Flight from the Dark, kilichotoka Uingereza mwaka 1984, kipande cha kwanza kinamwachia msomaji njia tatu: akitumia hisia ya sita aende namba 141, akishika njia ya kulia aende 85, akifuata ya kushoto aende 275. Kitabu kizima kina vipande 350 vya namna hiyo. Hakisomwi kutoka mwanzo hadi mwisho. Unaruka kutoka namba hadi namba, ukiwa na penseli na karatasi ya kuandikia silaha zako, chakula chako na nguvu zilizokubakia. Huko Uingereza na Marekani vitabu vya mchezo vya aina hii vilisomwa na watoto wa miaka ya 1980 mpaka vikachanika, na hakuna kitabu kinachoingia ndani ya simu kwa wepesi kama hiki, maana kila namba inageuka kitufe.

"Kiko bure mtandaoni, mama," akaniambia. "Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeruhusu. Sasa kosa langu liko wapi?"

Swali hilo naulizwa kwa sura nyingi na waandishi, walimu na vijana wa programu, na anayeliuliza mara nyingi ni mtu mwaminifu. Ndiyo maana nalijibu hapa kwa urefu.

Ni kweli mwandishi aliruhusu. Mwaka 1999 Dever aliwapa wapenzi wa vitabu vyake ruhusa ya kuviweka mtandaoni bila malipo, nao wakaanzisha mradi wa kujitolea unaoitwa Project Aon. Wamechapa vitabu hivyo upya, wamesahihisha makosa, wameviweka katika muundo ambao kompyuta inausoma vizuri. Wewe na mimi tunaweza kupakua nakala na kusoma. Lakini ruhusa hiyo ilikuja na leseni yake, na leseni hiyo inakupa nakala ya matumizi yako binafsi. Haikupi haki ya kuisambaza kwa wengine kupitia tovuti yako au programu yako. Anayetaka kitabu aelekezwe kwenye tovuti ya Project Aon akakichukue mwenyewe.

Mtu akikukaribisha sebuleni, ukanywa chai na kupumzika hadi jioni, hajakupa hati ya kiwanja. Hakimiliki ndivyo ilivyo. Ndani yake mna haki nyingi, na kila moja inatolewa peke yake: kunakili, kusambaza, kutafsiri, kuibadili kazi kutoka umbo moja kwenda jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya 1999, inazihifadhi zote kwa mwenye kazi. Wala haijalishi kwamba mwandishi ni Mwingereza. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne, ule mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na chini ya mkataba huo kazi ya mgeni kutoka nchi mwanachama inalindwa hapa kama ya mwenyeji. Dever alifariki Novemba 2016. Kiwango cha chini kabisa cha Berne ni miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na kwao Uingereza ni miaka 70, yaani hadi mwisho wa 2086. Anayesema "kitabu cha zamani hicho" ahesabu upya.

Kijana wangu alikuwa ameshagusa haki tatu kati ya hizo nne, na ya nne ilikuwa njiani. Alinakili, alitafsiri, alibadili umbo, na wiki iliyokuwa inafuata alikusudia kuipandisha kwenye Play Store. Bahati yake alikuja kabla. Mwenye haki akilalamika, Google huiondoa programu, na anayerudia makosa hupoteza akaunti yote pamoja na programu zake nyingine zisizo na dosari.

Halafu nikamwonyesha picha. Alikuwa ameweka michoro ya kitabu asilia, mizuri sana ile, yenye mistari myembamba ya wino. Hiyo ni kazi ya Gary Chalk, aliyechora vitabu vinane vya mwanzo vya mfululizo huu wa Dever. Kwenye cha tisa akaingia mchoraji mwingine, Brian Williams. Maandishi yana mwenyewe na picha zina mwenyewe, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Jambo hili linawapita wengi, hata wanaofanya kazi na vitabu vya watoto vya hapa kwetu: wanasaini na mwandishi, wanafurahi, mchoraji anakuja kuiona kazi yake ndani ya simu ya mtu kwenye daladala.

Sasa niseme kile kilicho huru, maana watu wakishaogopeshwa huogopa hata kivuli.

Sheria hailindi wazo, wala namna ya kucheza. Inalinda maneno na michoro iliyolibeba wazo hilo. Katika vitabu vya Dever hakuna dadu. Nyuma ya kitabu kuna jedwali la tarakimu kuanzia 0 hadi 9, unafumba macho na kudondosha ncha ya penseli, tarakimu iliyoguswa ndiyo bahati yako. Ukipigana, unatoa uwezo wa adui kwenye uwezo wako, na tofauti hiyo pamoja na tarakimu uliyodondokea ndizo zinazosema nani ameumia kiasi gani. Kitabu cha Steve Jackson na Ian Livingstone cha mwaka 1982, The Warlock of Firetop Mountain, kinatumia dadu: unarusha moja na kujumlisha 6 upate ustadi wako, unarusha mbili na kujumlisha 12 upate nguvu zako. Kutoa, kujumlisha na kurusha dadu havina mwenyewe. Simu yako inaweza kutoa tarakimu ya kubahatisha leo hii na hakuna atakayekushtaki. Usichoruhusiwa ni kubeba maelezo ya kanuni neno kwa neno, au jedwali la mapigano kama lilivyopangwa, pamoja na mashujaa na falme za hadithi ya mtu.

Jina nalo liangaliwe. Choose Your Own Adventure, jina la mfululizo wa vitabu ambavyo msomaji huchagua njia ya hadithi, ni alama ya biashara ya kampuni ya Chooseco ya Vermont, Marekani. Januari 2019 kampuni hiyo iliishtaki Netflix kwa sababu katika filamu ya Bandersnatch mhusika anakitaja kitabu anachokitengenezea mchezo kwa jina hilo. Ilidai dola milioni 25, na kesi ikaisha kwa mapatano Novemba 2020. Linaloniumiza zaidi ni la Edward Packard, mzee aliyebuni hadithi za namna hiyo tangu mwanzo. Alipoingia kwenye programu za simu mwaka 2010, ilibidi aziite U-Ventures, kwa kuwa jina lililomjengea sifa halikuwa mkononi mwake. Mwandishi unayesaini mkataba wa mfululizo, soma kifungu cha jina mara mbili.

Basi anayetaka kutengeneza programu afanyeje? Njia iliyonyooka ni kuomba leseni ya kubadili umbo, na wapo walioipata. Kampuni ya michezo ya inkle ya Cambridge ilipewa vitabu vya mchezo vya Sorcery! vya Steve Jackson na kuanza kuvitoa kwa simu mwaka 2013. Hawakuhamisha maandishi tu. Waliandika mapya mengi, wakaondoa dadu, wakabuni mapigano ya kukisia nia ya adui. Kubadilisha kiasi hicho kunawezekana pale tu leseni inaporuhusu kugusa maandishi. Kuna leseni nyingine zinazotaka kila koma ibaki ilipo, na mtengenezaji akikuta kosa kwenye kipande hana ruhusa ya kulirekebisha. Uliza mapema.

Njia ya pili ndiyo iliyomfungua macho kijana wangu. Tenganisha injini na hadithi. Injini ndiyo inayorusha dadu, inatunza mkoba, inakumbuka ulipoishia, na hiyo ni yako kwa jasho lako. Hadithi inabaki kwa mwenyewe. Seventh Sense, programu ya kompyuta iliyotengenezwa na mpenzi wa vitabu vya Dever, imekwenda hivyo: unachukua programu, kisha unapakua vitabu vyenyewe kutoka Project Aon, na programu inavisoma. Hakuna nakala iliyosambazwa na asiye na haki. Ni kazi ngumu zaidi kwa fundi, kwa sababu lazima injini ielewe maandishi ambayo hakuyapanga yeye, lakini ni heshima iliyoandikwa kwa msimbo. Ila haisaidii kwenye tafsiri. Kiswahili kizuri kile cha kijana wangu bado kilihitaji ruhusa.

Tukaandika barua pamoja, ya ukurasa mmoja. Katika barua ya namna hii eleza wewe ni nani, unataka kitabu gani kwa jina, lugha gani, kwenye simu za aina gani, katika nchi zipi, kwa muda gani. Sema kama programu itauzwa, itabeba matangazo au itakuwa bure kabisa, kwa sababu mwenye kazi huliangalia hilo kabla ya lingine lolote. Ambatanisha vipande vitatu vya tafsiri aone ubora. Tuliipeleka kwa Holmgard Press, kampuni ya familia ya Dever inayotoa matoleo mapya ya vitabu vyake. Kuhusu michoro tuliandika kwamba hatuombi, tutachora yetu.

Mwezi ulipita, akarudi. "Mama, hawajajibu. Kimya si ndiyo kukubali?" Nikamwambia kimya cha bibi harusi kina mila yake, ila katika leseni kimya ni hapana mpaka uone maandishi na saini. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akatoa simu. Ndani yake injini ilikuwa ile ile, vitufe vitatu chini ya skrini, lakini msitu ulikuwa umeondoka. Nilikuwa nimesimama Feri, Kigamboni, jua linazama, pantoni ya mwisho imeshang'oa nanga, na mfukoni nina shilingi elfu mbili. Ameshaandika vipande 60. Nilibonyeza cha kushoto.