Mwanangu anapenda kompyuta, aombe kozi gani?

Dirisha la udahili likifunguliwa, wazazi wa Arusha na Moshi hutufikia na swali hilohilo. Nasi huwarudishia jingine: akikwama, mwanao hufanyaje?

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Brenda Wilson na Sharon Shrock, walipima mambo 12 yanayoweza kutabiri ufaulu katika somo la mwanzo la sayansi ya kompyuta. Lililoongoza halikuwa hisabati, ingawa nayo ilifuata. Ni ile hali ya mwanafunzi kuwa huru: anauliza bila woga, haoni kwamba wenzake wote wamemzidi. Waliodai matokeo yao ni bahati tu walielekea kupata alama za chini. (Mabingwa wa gemu mtusamehe, hilo nalo halikusaidia.)

Sayansi ya kompyuta yenyewe inamtaka mtu wa hesabu mwenye subira. Mpe karatasi apange majina 10 kwa alfabeti, kisha muulize: yakiwa 10,000, njia yako itafaa? Wapo wanaojibu "kompyuta itafanya" na kuondoka. Yupo atakayeng'ang'ania karatasi ile mpaka chai ipoe. Huyo ndiye, hata kama PCM yake (fizikia, kemia na hisabati) haikung'ara sana.

Mifumo ya habari, au TEHAMA ya biashara kama inavyofundishwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, inataka tabia nyingine kabisa. Chukua AMCOS ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inayotaka kuacha daftari. Mwanafunzi hodari wa programu anaweza kuitengenezea mfumo ambao karani hataugusa. Anayefaa hapa ataketi kwanza na karani, shikamoo na salamu zote, aulize kwa nini kilo za mkulima zinaandikwa mara mbili na nani anasaini malipo. Asiyependa watu atateseka, na kwa maoni yangu kozi hii hudharauliwa bure.

Usalama wa mitandao unamfaa mdadisi asiyechoka kusoma kumbukumbu za mfumo, tena mwaminifu. Teknolojia ya habari ni ya mwenye mikono: waya, seva, mtumiaji aliyekasirika.

Majina ya kozi yasikuchanganye. Soma vigezo kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kisha omba chuo kikuonyeshe masomo ya mwaka wa kwanza. Ukikuta mantiki na hisabati tupu, au uhasibu na menejimenti, mkalishe kijana muyapitie pamoja kabla hajathibitisha.