Kuacha sigara ghafla hakuui mtu

Naomba nianze na ugomvi, maana nimechoka kuurudia mdomoni. "Mtu aliyevuta miaka thelathini hakatishwi ghafla. Mwili umeshazoea, ataugua na atakufa." Nimeyasikia kliniki, nimeyasikia msibani, nimeyasikia kwenye daladala ya Pongwe hapa Tanga. Juzi nimeyasikia tena kwa kijana aliyemleta baba yake, kifua kinapiga filimbi na pakiti imetuna kwenye mfuko wa shati. Nikamwambia mzee sigara ya leo iwe ya mwisho. Mzee hajafungua mdomo, kijana kaniwahi: "Daktari, mpunguzie taratibu. Jirani yetu pale Makorora aliacha mara moja, miezi mitatu tukamzika."

Mimi ni tabibu, si daktari, ila hilo tuliache. Nikamuuliza, huyo jirani aliacha kwa nini?

"Alikuwa anakohoa damu."

Haya. Sasa nani kamuua nani? Wavutaji wengi wa huku hawaachi wakiwa wazima. Huacha siku chakula hakipiti kooni, siku wanashindwa kutoka kitandani hadi chooni bila kutweta, siku sigara yenyewe inageuka shubiri mdomoni. Ugonjwa uliingia zamani, ndio uliomnyang'anya sigara, kisha ukammaliza, na lawama ikaangukia kuacha. Waliokufa huku wanavuta hawahesabiwi upande wa pili, kwa sababu hao tunasema wamekufa kwa kifua, kwa presha, au kwa mkono wa mtu.

Waingereza walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wao wenyewe, wavutaji na wasiovuta, na wakawafuata kwa miaka 50. Matokeo ya mwisho yalichapishwa 2004. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza wastani wa miaka 3 ya kuishi, aliyeacha na 50 aliongeza 6, wa 40 aliongeza 9, wa 30 karibu 10. Miaka sitini si ujana. Ni umri wa baba yake yule kijana.

Nahisi hofu hii imetoka kwenye pombe na unga wa kulevya, ikahamia kwenye sigara bila kukaguliwa. Tanga hii nani hajaona mtu kashikwa na arosto ya unga, yale mateso ya mwili ukiukosa? Na mnywaji wa pombe kali wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kweli kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege na kufa. Arosto ya sigara haiendi huko. Inaleta hasira, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kisichotulia, huzuni, njaa, choo kigumu, na kiu ya sigara yenyewe. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka, na kati ya wiki ya pili na ya nne sehemu kubwa imeshaondoka. Njaa ndiyo hubaki nyuma. Inatesa, siipuuzi hata kidogo. Ila kutesa si kuua.

Nisije nikaonekana nawauzia dawa ya mkutano, yapo mabaya ya kweli yanayokuja na kuacha, na afadhali uyasikie kwangu kuliko barazani. Wapo wanaotoka vidonda vya mdomoni wiki za mwanzo. Wapo wanaokohoa zaidi kuliko walipokuwa wanavuta. Vitabu vinasema ni vile vinyweleo vya njia ya hewa vimeamka na vinafagia uchafu, maelezo ambayo kwa ladha yangu yamenyooka mno, kwa sababu nina wagonjwa ambao hawakukohoa hata kidogo na wengine walikohoa miezi. Kikohozi kikizidi wiki mbili mimi sisubiri vinyweleo, napima makohozi: sigara na TB ni marafiki wa siku nyingi. Uzito nao unapanda, kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza. Na upo ugonjwa mmoja wa vidonda vya utumbo mpana ambao hulala mtu akivuta na kuchachamaa akiacha. Ni nadra, lakini upo, na nikiulizwa siufichi.

Sasa nije kwenye Ramadhani, maana hapa ndipo wanaponikera wote wawili, anayesema kuacha kunaua na anayesema kuacha ni rahisi.

Kwa huyu wa kwanza jibu ni fupi. Kila mwaka nusu ya barabara za Ngamiani wavutaji wanakaa bila sigara tangu kabla ya alfajiri hadi magharibi, saa kumi na tatu na ushei, mwezi mzima. Wazee wa pakiti nzima kwa siku. Sijawahi kupokea hata mmoja aliyezimia kwa kukosa sigara. Wenye sukari waliofunga bila ushauri nimewapokea sana, hao ni kesi nyingine.

Huyu wa pili ndiye mgumu. Anasema, "Mimi Ramadhani nashinda bila sigara na wala siisikii, kwa hiyo siku nikiamua naacha." Halafu mtazame saa kumi na mbili na dakika zake za jioni. Tende mkono wa kulia, kiberiti kushoto, sigara imeshapachikwa nyuma ya sikio. Mwadhini hajamaliza, tende imemezwa, kokwa bado liko shavuni na moshi unatoka puani. Uji wa pilipili manga unapoa pale. Saa tisa alasiri mtu huyu alikuwa ametulia anazungumza habari za timu ya Coastal Union. Saa kumi na moja na nusu alikuwa hasemeshwi, mtoto kaangusha kikombe kazabwa kofi.

Kama kiu ingekuwa hesabu ya nikotini, kilevi cha sigara, iliyobaki kwenye damu peke yake, isingekwenda hivyo. Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ina maana ikifika adhuhuri tayari imekwisha karibu yote, na mzee ametulia. Kinachompandisha jioni ni kujua kwamba ruhusa inakuja. Watafiti wa Israeli waliliona hili kwa wahudumu wa ndege wanaovuta, wakachapisha 2010. Waliwauliza kiu yao angani, katika safari fupi na katika safari ndefu. Kiu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, na ile ya mwisho wa safari fupi ililingana na ya mwisho wa safari ndefu, ingawa muda wa kukaa bila sigara haukukaribiana. Walipokuwa safari ndefu, muda ule ule ambao kwenye safari fupi walikuwa wanahangaika, kiu yao ilikuwa chini. Mlango ulikuwa umefungwa na wanajua umefungwa.

Msije mkaniambia nimesema ni mambo ya akili tu. Sikusema. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama kumi, na ubongo uliopigwa hivyo mara mia mbili kwa siku kwa miaka thelathini umebadilika kweli. Ninachosema ni kwamba kiu ina masikio. Inasikia adhana, inasikia kijiko cha mwuza kahawa, inasikia injini ya mashua ikizimwa kule Deep Sea watu wakikaa kusubiri dagaa. Na ndiyo maana Ramadhani haikufundishi kuacha: kila usiku unairudishia nikotini yake, mwili hauonji hata mara moja siku ya pili na ya tatu, na unajua saa kamili mlango utakapofunguliwa. Umejizoeza kusubiri. Mtu wa hivi akiacha kweli mwezi wa Rajabu anashangaa mbona safari hii inamtoa machozi, anasema mwili wake umebadilika, anarudi.

Hata hivyo naitumia Ramadhani. Usiku wa futari ya kwanza ndio namwambia mvutaji abandike kiraka cha nikotini, plasta ya ngozini inayotoa nikotini polepole, badala ya kuwasha, na mchana wote kitamsaidia. Suala la kiraka na swaumu akamuulize shehe wake. Si kazi yangu, ingawa wengi niliowasikia hawana tatizo nalo.

Kuhusu kupunguza taratibu. Kuna mzee alikuja amefurahi, katoka sigara ishirini hadi tano. Nikamwomba kiberiti chake. Ndani, badala ya njiti, vipisi vinne vimepangwa vizuri, kila kimoja kimezimwa kwa kuminywa ili kiwashwe tena. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekuwa rangi ya samli. Anavuta kila moja mpaka imchome, anaushikilia moshi ndani kama anapiga mbizi, anarudia kipisi. Nikotini anayopata inaweza isiwe mbali sana na ile ya zamani. Na hata angekuwa mkweli kwenye hizo tano, moyo haupunguziwi kwa uwiano huo: uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayobeba mwenye ishirini. Moja kwa ishirini, nusu. Someni tena.

Je, kupunguza ni haramu? Hapana, na hapa wenzangu wakali wanakosea. Jaribio moja la Uingereza lililotoka 2016 liliwapa kundi moja tarehe ya kukata moja kwa moja, kundi jingine likapunguza kwa wiki mbili kisha likakata. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya waliokata moja kwa moja walikuwa bado wameacha, dhidi ya asilimia 39. Lakini tafiti nyingi zikijumlishwa tofauti hiyo huwa ndogo, na binafsi nimeona watu wa tabia fulani ambao bila kupunguza kwanza hata kuanza hawaanzi. Sharti langu ni tarehe. Wiki mbili, siku imeandikwa, mke anaijua. Kupunguza kusiko na mwisho kunaitwa kuvuta.

Dawa, haraka haraka. Shirika la Afya Duniani liliingiza vibadala vya nikotini, kama kiraka na bablishi, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge vya kusaidia kuacha, bupropioni na vareniklini, mwaka 2021. Bei na upatikanaji ni kilio, kuna maduka ya dawa mjini hapa ukiulizia wanakutazama kama umeomba unga. Ukibahatika kupata kiraka, anayevuta zaidi ya kumi kwa siku huanzia miligramu 21. Bablishi ya nikotini ni ya miligramu 4 kama sigara yako ya kwanza unaiwasha ndani ya nusu saa ya kuamka, vinginevyo 2. Na msiniambie nawapa sumu ile ile. Nikotini inakufunga, lakini kansa na mapafu yaliyooza ni kazi ya moshi.

Ila hiyo bablishi, jamani, si ya kutafunwa kama ya dukani. Tafuna taratibu hadi uanze kusikia inawasha, kisha iache, ipachike kati ya shavu na ufizi. Muwasho ukiisha, tafuna tena kidogo, ihamishie upande wa pili. Nusu saa hivyo. Nikotini yake inapenya kupitia ngozi laini ya mdomo. Ukiitafuna kwa fujo unaimeza na mate, unapata kwikwi na kichefuchefu, unakuja kuniambia "dawa imenikataa". Na usiwe umekunywa kahawa, soda wala maji ya chungwa robo saa iliyopita, kwani uchachu wake unaizuia isipenye.

Kahawa ina jambo jingine, na hili sijamkuta mtu barazani analijua. Moshi wa sigara hufanya ini likimbize kafeini nje haraka. Ukiacha, ini linarudi kwenye mwendo wake, na vile vile vikombe vyako sita vya kahawa chungu vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, kafeini kwenye damu inaweza kupanda karibu maradufu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Mtu anasema si mnaona, kuacha kunaniua. Sigara haikuui ikiondoka, babu, ni kahawa. Wiki hiyo kata vikombe viwe nusu. Na ukiweza, kanywe kwingine kabisa, mbali na benchi lako, pasipo mtu wa kukupa pafu mbili za bure. Karafuu, tangawizi, pipi kifua, tumia upendavyo: si dawa, lakini mdomo unapata kazi, na kiu moja moja mara nyingi hupita ndani ya dakika chache kama hukuilisha. Nasema mara nyingi. Wapo wanaoniambia yao ilikaa saa nzima, na siwezi kuwabishia kitu wanachokisikia wao.

Ini hilo hilo linashughulikia aminofilini, vidonge ambavyo wagonjwa wengi wa pumu na kifua huku bado wanameza. Ukiacha sigara dozi yako inaweza kuwa kubwa mno bila wewe kuongeza chochote, na kiraka hakibadilishi hilo kwa sababu ni moshi uliokuwa unafanya kazi ile, si nikotini. Wanaochoma insulini nao wapime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Hayo ni ya kuja kuniambia, nirekebishe dozi. Si ya kurudia pakiti.

Na kama mzee wenu anavuta na pia anakunywa gongo kila siku tangu asubuhi, sigara akate hata leo, lakini gongo asiikate mwenyewe nyumbani. Huyo mleteni kwanza.