Kaanguka na boda, shingo inauma: MSIMNYANYUE

Swali: Kola ya shingo ni nini?
Jibu: Ni ile plastiki ngumu yenye sponji ndani, anafungwa majeruhi ili shingo isichezecheze. Shingo ina pingili 7, katikati unapita uti wa mgongo, ile kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Pingili ikivunjika halafu kichwa kikageuzwa ovyo, uti unabanwa.

Swali: Sasa si tumuwahishe tu hospitali?
Jibu: Mumuwahishe ndiyo, ila siyo hivi mnavyotuletea jamani, mmoja kashika mikono mwingine miguu, kapakiwa mshikaki kwenye boda, kichwa kinaning'inia begani kwa dereva, anafika hasikii miguu na waliomleta wanasema pale barabarani alikuwa anaichezesha vizuri tu. Msimnyanyue! Mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili, wengine watafute gari na ubao. Mkimgeuza ili mumlaze kwenye ubao, geuzeni kichwa na mwili kwa pamoja, aliyeshika kichwa ndo ahesabu. Kama kuna moto mtoeni, na akitapika mgeuzeni ubavu hivyohivyo kwa pamoja, pumzi kwanza.

Swali: Na kama kasimama mwenyewe?
Jibu: Bado. Mtu anaweza kuvunjika pingili na akatembea. Akisema shingo inauma au mikono ina ganzi, alale chini. Msimkalishe, msimpe maji, helmeti msiivute kama anapumua vizuri, na narudia, msimnyanyue.

Swali: Hatuna kola, je?
Jibu: Kunjeni kanga mbili au taulo, moja kila upande wa kichwa, na mtu aendelee kukishika. Msifunge kitu kuzunguka koo. Hata kola yenyewe peke yake haitoshi.

Swali: Zile kola zinazorekebishwa urefu zinapimwaje?
Jibu: Kichwa kikiwa kimenyooka, pima kwa vidole kutoka juu ya bega mpaka usawa wa kidevu, seti urefu huo kwenye kola KABLA ya kumvalisha. Ikiwa ndefu inavuta shingo, ikiwa fupi kidevu kinadumbukia, ikibana sana damu ya kichwani inashindwa kurudi. Ukipewa ya kuvaa nyumbani usiivue eti joto, ikichubua kidevu au kisogo rudi tuirekebishe.

Swali: Kuna mzee mtaani ananyoosha shingo...
Jibu: Hapana. Shingo iliyotoka kwenye ajali haikandwi, hainyooshwi, haipakwi mafuta ya moto ikapindwa mpaka ilie "ko". Apigwe picha kwanza, leo, siyo baada ya wiki mbili mikono imeshalegea ndo mnakuja kwetu na mgonjwa kwenye shuka.