Seva ikihama, anwani yake huhama nayo?

Afisi ikihama kutoka mjini kuvuka daraja la Nyali, sisi mafundi wa mitandao Mombasa hupewa sharti lile lile: seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine, ziende, anwani zisibadilike. Sharti lina maana. Anwani ya IP, yaani namba ambayo mashine huitwa kwayo mtandaoni, ya seva ya hesabu imeandikwa ndani ya programu, kwenye printa, hata kwenye fayawoli ya benki, lile lango la ulinzi, na kule kubadilisha mstari mmoja ni barua na kungoja. Kinachotutesa ni dhana zinazoandamana na sharti hilo.

Ya kwanza ni kwamba anwani imo ndani ya mashine. Iliyomo kwenye mashine ni anwani ya MAC, inayotiwa kwenye kadi ya mtandao kiwandani. IP ni ya mtandao, kama mtaa. Mtu wa Kibokoni akihamia Kongowea, barua ya Kibokoni itaendelea kupelekwa Kibokoni.

"Mbona namba ya simu nahama nayo?" Kenya imeruhusu hilo tangu 2011, kwa kuwa kampuni za simu hutazama kumbukumbu ya pamoja inayoonyesha namba iliyohama iko wapi. Intaneti haina kumbukumbu hiyo. Ruta, mashine zinazopitisha pakiti za data kati ya mitandao, hutangaziana mafungu ya anwani kwa BGP, lugha yao ya kuelezana njia, na fungu la IPv4, toleo la IP lililozoeleka, lililo chini ya anwani 256 kwa kawaida hukataliwa. Zile anwani nane ulizopewa na mtoa huduma ni zake, ukimhama, unamwachia. Aliyepata fungu lake mwenyewe kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika, aweza kulitangaza kutoka kokote, ila fungu la 256 huhama zima zima.

Ndani ya mtandao wako mwenyewe, wenye anwani za ndani zinazoanza na 10 au 192.168, mambo ni mengine, na hapa watu hukata tamaa bure. Ruta zote ni zako, basi waweza kuziambia: anwani hii moja iko Nyali. Mashine zilizobaki mjini bado zitaiita seva kwa ARP, ule wito wa kuuliza nani mwenye anwani hii, zikidhani iko kando yao. Ruta ya mjini iwekwe iitikie kwa niaba yake, na ya Nyali ifanye vivyo hivyo kwa waliobaki mjini. Mimi huipenda njia hii kuliko zote.

Wengi lakini hukimbilia nyingine: "Unganisha afisi mbili ziwe mtandao mmoja, kwisha." Yawezekana, kwa mfano kwa VXLAN, inayobeba pakiti za mtandao wa afisi ndani ya pakiti nyingine, iliyochapishwa kama waraka wa intaneti RFC 7348 mwaka 2014. Ila kila wito ambao mashine moja huzipigia zote sasa huvuka daraja. Getiwei, ruta ya kutokea kwenye mtandao, ikibaki mjini, seva mbili za Nyali zilizo kwenye mitandao tofauti zitazungumza kwa kupitia mjini na kurudi. Siku faiba ikikatwa, seva mbili zinazoshikiana zamu, moja kazini na moja ya akiba, huenda kila moja ikadhani mwenzake amekufa, zote zikashika anwani ile ile.

Kisha kuna ukubwa wa pakiti. Tulihamisha seva za kampuni moja ya kliaringi kwa njia hiyo. Ping, pakiti ya kupima kama mashine yafikika, ilipita, ukurasa wa kuingilia ukafunguka, lakini ripoti kubwa zikawa zakwama njiani. Tulikesha tukibadilisha kebo. VXLAN huongeza baiti 50 juu ya pakiti, na njia yetu ilikubali pakiti za baiti 1500 tu. Tuliposhusha MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, ya seva hadi 1450, ripoti zikatoka. Tangu hapo sipimi kwa ping ndogo: natuma ya baiti 1472, ambayo pamoja na vichwa vyake ni 1500, nimekataza isikatwe vipande.

Na wale wasemao umbali si kitu kwenye faiba? Kwa Nyali ni kweli. Nairobi ni kama kilomita 480 kwa barabara. Nuru ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, basi kwenda na kurudi hakupungui sana milisekunde 5. Programu inayoiuliza hifadhidata maswali 1,000, moja baada ya jingine, itangoja sekunde 5 kwa safari tu. Hizo mbili zihamishwe usiku mmoja.