Mechi Saba Si Ligi: Dhana Potofu za Mashabiki wa Hoki ya Barafu Mchujo Unapoanza

Kila Aprili ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, hufunga hesabu za msimu wa kawaida na kuingia kwenye mchujo wa Kombe la Stanley. Timu 16 kati ya 32 hubaki. Hupangwa mbilimbili, na anayewahi kushinda mechi nne kati ya saba ndiye anayesonga mbele. Raundi ni nne, kwa hiyo bingwa lazima ashinde mechi 16 ndani ya miezi miwili hivi, akicheza karibu kila baada ya siku moja.

Hapo ndipo midomo ya mashabiki inapofunguka, hasa sisi tuliokuzwa na soka. Nashabikia Toronto Maple Leafs, timu ambayo haijabeba kombe hilo tangu 1967, kwa hiyo uchambuzi wa kila aina umeshapita masikioni mwangu. Mwingi hausimami.

"Aliyeongoza msimu ndiye atakayebeba kombe"

Mwaka 2019 Tampa Bay Lightning walimaliza msimu na ushindi 62 katika mechi 82. Raundi ya kwanza wakakutana na Columbus Blue Jackets, walioingia mchujo kwa kujikongoja. Mechi ya kwanza Tampa waliongoza 3-0, wakaipoteza 4-3, na hawakushinda tena hata moja. Walitolewa kwa mechi nne kavu. Miaka minne baadaye Boston Bruins waliweka rekodi ya ligi, ushindi 65 na pointi 135, wakaongoza Florida Panthers mechi 3-1 katika raundi ya kwanza, halafu wakafungwa tatu mfululizo. Tukihesabu hadi 2025, timu ya mwisho kuongoza msimu na kutwaa kombe mwaka huohuo ni Chicago Blackhawks wa 2013, na msimu ule ulikuwa wa mechi 48 tu kwa sababu ya mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji.

Sababu ni mbili. Kwanza, tangu 2005 ligi imeweka kikomo cha fedha ambazo klabu inaweza kutumia kwa mishahara, kwa hiyo pengo kati ya wa kwanza na wa kumi na sita si kubwa kama jedwali linavyoonyesha. La pili ni kwamba msimu wa kawaida unakukutanisha leo na huyu, kesho na yule. Kwenye mchujo kocha mpinzani anakutazama wewe peke yako kwa wiki mbili. Kama mabeki wako wanababaika wakikabwa nyuma ya goli lao, mechi ya kwanza hilo litaonekana, na kuanzia ya tatu hutapewa nafasi ya kupumua. Tampa walewale, wakiwa na wachezaji wao wakuu walewale, walibeba kombe 2020 na 2021. Kilichowaondoa 2019 kilikuwa siku chache mbovu dhidi ya timu iliyojua pa kuwabana.

"Anayefunga magoli mengi ndiye anayeelekea kushinda"

Hii ni ya kwetu kabisa, watu wa mechi mbili na jumla ya magoli. Kwenye hoki jumla haipo. Ukifungwa 8-1 umepoteza mechi moja, sawasawa na aliyefungwa 1-0.

Fainali ya 2011 kati ya Vancouver Canucks na Boston Bruins inalionyesha hili kuliko maelezo yoyote. Vancouver walishinda mechi zao tatu kwa 1-0, 3-2 na 1-0, zote nyumbani. Boston walishinda zao za nyumbani kwa 8-1, 4-0 na 5-2. Ukijumlisha magoli hadi hapo, Boston wanayo 19 na Vancouver 8, lakini ubao ulisoma 3-3 na kila kitu kilikuwa bado wazi. Mtu aliyesoma matokeo ya mechi ya tatu peke yake angedhani Vancouver wamekwisha. Siku chache baadaye walishinda ya tano, wakabakiza ushindi mmoja tu kulibeba kombe. Halafu wakapoteza ya sita, na ya saba Boston wakawafunga 4-0 kwao.

Kwa hiyo ukisikia "timu yetu ina upepo, jana tumewapiga sita", uliza kipa wa upande wa pili alitolewa dakika ya ngapi. Mara nyingi kocha akiona mechi imekwenda humpumzisha kipa wake mkuu na wachezaji wake wazuri, akiwaza mechi ijayo. Magoli mawili ya mwisho yanafungwa dhidi ya timu iliyokwisha kuondoka kimawazo.

"Wakiwa nyuma 3-0 wazime televisheni"

Karibu ni kweli. Katika historia yote ya ligi, waliogeuza 0-3 kuwa 4-3 ni wanne: Toronto 1942, tena kwenye fainali dhidi ya Detroit, New York Islanders 1975, Philadelphia Flyers 2010, na Los Angeles Kings 2014. Mwaka 2024 Edmonton Oilers walikaribia kuwa wa tano. Walikuwa nyuma 3-0 kwenye fainali dhidi ya Florida, wakashinda tatu, wakapoteza ya saba 2-1. Zime ukitaka, ila usimwite mwenzako mjinga kwa kuiacha ikiwaka.

"Kucheza nyumbani ni nusu ya ushindi"

Timu yenye rekodi bora hupata mechi mbili za kwanza nyumbani, kisha mbili ugenini, halafu hupokezana hadi ya saba, ambayo ni ya nyumbani. Mashabiki hudhani faida ni kelele. Kelele zinasaidia kiasi, lakini faida inayoshikika ni ya kocha. Kila mchezo unaposimama, timu mgeni hutangulia kutaja wachezaji watakaoingia, na mwenyeji huwaona kwanza ndipo achague wa kwake. Wachezaji hubadilishwa kila sekunde 45 hivi, kwa hiyo uamuzi huo hurudiwa mara nyingi kila usiku. Kama una kiungo anayekaba kama Aleksander Barkov wa Florida, nyumbani unamweka mbele ya nyota wa wapinzani kila anapokanyaga barafu. Ugenini kocha wa upande wa pili anamkwepesha nyota wake.

Faida ipo, ila haitoshi kuitegemea. St. Louis Blues walibeba kombe lao la kwanza 2019 kwa kushinda mechi ya saba Boston, 4-1. Pittsburgh walifanya hivyo Detroit mwaka 2009.

"Nyota ndiye anayeamua"

Connor McDavid wa Edmonton alipata pointi 42 (magoli na pasi za magoli) katika mchujo wa 2024, akachaguliwa mchezaji bora wa mchujo mzima, na kombe akalikosa. Nyota wa mbele hucheza dakika ishirini na kitu kati ya 60. Kipa hucheza zote.

Ndiyo maana mimi mfululizo ukianza jicho langu huwa kwa makipa, na si lazima wenye majina. Mwaka 1971 Montreal Canadiens walimweka golini Ken Dryden, kijana aliyekuwa akisomea sheria na aliyekuwa amecheza mechi sita tu za ligi. Waliwaondoa Boston waliokuwa mabingwa watetezi, wakabeba kombe, na Dryden akawa mchezaji bora wa mchujo. Mwaka 1986 Montreal hiyohiyo ikabeba tena, golini akiwa Patrick Roy wa miaka 20. Na wale Blues wa 2019 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima mwanzoni mwa Januari, kabla ya kumpa nafasi kipa Jordan Binnington, ambaye hapo awali hakuwa kwenye mipango ya mtu. Ukitaka kutabiri, ukosefu huo wa uhakika unaudhi.

Mengine ya harakaharaka

Kwamba hoki ni ngumi: kwenye mchujo ngumi hupungua, kwa sababu hakuna kocha anayetaka mtu wake akae kizuizini, nje ya barafu, dakika tano wakati huo. Maumivu ndiyo huongezeka, tena yanafichwa. Klabu husema tu "ameumia sehemu ya juu ya mwili". Fainali ya 2013 ilipokwisha ndipo ilipojulikana kwamba Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya mwisho akiwa amevunjika ubavu na bega limeteguka, na pafu likatoboka.

Kwamba sare huamuliwa kwa penalti: hiyo ni kwa msimu wa kawaida. Kwenye mchujo huongezwa vipindi kamili vya dakika 20, watano kwa watano, hadi mtu afunge. Mwaka 1936 Detroit na Montreal Maroons walifika kipindi cha sita cha nyongeza kabla ya goli moja kupatikana. Mwaka 2020 kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, aliokoa mashuti 85 dhidi ya Tampa na bado akafungwa katika nyongeza ya tano. Mechi ya saa moja jioni Toronto huanza saa nane usiku Nairobi, mji wenye timu yake ya hoki ya barafu, Ice Lions. Nyongeza mbili tatu zikija, mtazamaji wa huko anaoga aende kazini huku mechi haijaisha.

Kwamba anayegusa kombe la kanda (wanalopewa mabingwa wa kila nusu ya ligi) kabla ya fainali anajitakia mkosi: Sidney Crosby wa Pittsburgh hakuligusa 2008, akapoteza fainali kwa Detroit. Mwaka uliofuata alilishika, akawafunga Detroit haohao. Sisi tunaotoka kwenye soka la kuruka ukuta badala ya kupita geti kuu hatuna haki ya kuwacheka.

"Toronto wana laana"

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu inaniuma. Mara tano tulizopoteza mechi ya saba kati ya 2019 na 2025 zilikwisha hivi: 5-1 kwa Boston, 3-1 kwa Montreal, 2-1 kwa Tampa Bay, 2-1 kwa Boston katika nyongeza, 6-1 kwa Florida. Itazame safu ya Toronto peke yake. Goli moja, mara tano, dhidi ya timu nne tofauti.

Timu inayofunga kwa raha msimu mzima inapofika mechi ya saba hubaki pembeni, inapigiana pasi za kupendeza karibu na ukuta, huku mabeki wa wapinzani wakiwa wamejaa mbele ya kipa wao. Wanaoshinda mechi hizo huingia pale katikati wakubali kupigwa magongo ya mgongo, ili kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, kimguse mtu kiingie. Brad Marchand ameishi kwa kazi hiyo. Alikuwa upande wa pili tulipopoteza mechi ya saba 2013, 2018, 2019 na 2024, akiwa Boston. Machi 2025 akahamia Florida, na Mei tukamkuta tena. Safari hiyo tulikuwa tumeshinda mechi mbili za kwanza.

Lawama nyingi zilimwangukia mshambuliaji wetu Mitch Marner, mzaliwa wa eneo la Toronto, na kiangazi hicho akaenda Vegas. Waliosema akiondoka mambo yatanyooka hawajaeleza goli la pili angelifunga nani.